Mtu Yule Yule, Chaguzi Sita: Busara ya Kumteua Mgombea Anayegawa Watu

Tangu mfumo wa vyama vingi urejeshwe mwaka 1992, Wazanzibari wameitwa kwenye chaguzi kuu saba za kumchagua rais wao. Katika sita za mwanzo, upande wa upinzani ulikuja na jina lile lile: Seif Sharif Hamad, mtoto wa Nyali, Mtambwe, katika Wilaya ya Wete. Mara tano alisimamishwa na CUF, na mara ya sita na ACT-Wazalendo. Kisiwani Pemba hakuhitaji hata jina la ukoo, kwani akitajwa Maalim kila mtu alijua ni nani. Kwa nusu ya Wazanzibari alikuwa tumaini lao la mwisho. Kwa nusu nyingine alikuwa mtu wa kuogopwa, ambaye akiingia Ikulu atayafuta Mapinduzi na kurudisha yaliyopinduliwa. Hakuna mwanasiasa mwengine wa visiwa hivi aliyependwa hivyo na kuchukiwa hivyo kwa muda mrefu kiasi hicho. Swali linalostahili kuulizwa, sasa tukiwa na historia nzima mbele yetu, ni kama chama kilifanya busara kumteua mtu wa namna hiyo, tena na tena. Hoja yangu ni kwamba ilikuwa busara, kwa sababu mgawanyiko ulikuwepo kabla yake, na kwa sababu yeye alikuwa na uwezo wa kuwafikisha watu wake kwenye mapatano. Kosa lilikuwepo, lakini halikuwa pale wengi wanapolitafuta.

Anayesema Maalim Seif aliwagawa Wazanzibari hana budi kwanza aeleze kilichotokea wakati Seif akiwa bado mwanafunzi. Miaka ya 1957 hadi 1963, ambayo wazee wetu huiita zama za siasa, ilipasua visiwa hivi kabla yeye hajafikia umri wa kushika madaraka yoyote. Katika uchaguzi wa Januari 1961, Afro-Shirazi Party ilipata viti 10, Hizbu (ZNP) viti 9 na ZPPP ya Mohammed Shamte viti 3. Kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja tu. Wale watatu wa ZPPP nao wakagawanyika, wawili huku na mmoja kule, na Baraza la Kutunga Sheria likabaki 11 kwa 11. Ilibidi uchaguzi urudiwe Juni mwaka huo huo, na damu ikamwagika Unguja: watu 68 waliuawa. Mwezi Julai 1963 Afro-Shirazi ilipata kura nyingi zaidi nchi nzima, asilimia 54, lakini ikaambulia viti 13 kati ya 31, na serikali ikaundwa na Hizbu na ZPPP. Miezi mitano baadaye ukaja uhuru, na mwezi mmoja baada ya uhuru yakaja Mapinduzi. Katika zama hizo watu walisusiana maduka, mabasi na hata mazishi. Mwanafunzi wa Mtambwe hakuyaanzisha hayo. Aliyarithi, kama walivyoyarithi wenzake wote wa rika lake.

Baada ya Januari 1964 Pemba iliingia katika kipindi kilichoacha alama kubwa kuliko chaguzi zile. Mapigano ya Mapinduzi yalikuwa Unguja, lakini Pemba, iliyokuwa imewapa Hizbu na ZPPP sehemu kubwa ya viti vyao, ilitazamwa kama kisiwa cha kushukiwa. Wapemba wenye umri wanazikumbuka siku za bakora, pale watu wazima walipochapwa hadharani mbele ya watoto wao, na wanaukumbuka uhaba wa chakula wa mwanzoni mwa miaka ya 1970, nchi ikiwa na fedha za karafuu hazinani. Karafuu hizo, kwa sehemu kubwa, zilichumwa Pemba. Mkulima wa Mtambwe au wa Mkoani alipanda mkarafuu, akazichambua kwa mkono usiku kucha, akazianika juani siku kadhaa akiomba mvua isije, kisha akalazimika kuziuza kwa shirika la serikali kwa bei iliyopangwa na serikali, huku bei ya soko la dunia ikiwa mbali kabisa na ile. Barabara, umeme na maji vikaonekana kwanza Unguja. Hisia ya kwamba Pemba inatoa na haipewi haikuzuliwa na mwanasiasa jukwaani. Ilitokana na hesabu ambayo kila nyumba ilikuwa ikiifanya msimu baada ya msimu.

Seif mwenyewe alikulia ndani ya serikali ile ile. Baada ya Mapinduzi hakuruhusiwa kwenda moja kwa moja chuo kikuu. Alitakiwa kufundisha, kuziba nafasi za walimu Waingereza walioondoka, na huko ndiko lilikotoka jina la Maalim. Alifika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1972, mwaka aliouawa rais wa kwanza wa Zanzibar, Mzee Abeid Karume, na alipomaliza masomo alipanda haraka: Waziri wa Elimu wa Zanzibar mwaka 1977, kisha kiongozi katika makao makuu ya CCM. Mwaka 1984, Aboud Jumbe alipojiuzulu Dodoma na Ali Hassan Mwinyi akachukua urais wa Zanzibar, Seif akawa Waziri Kiongozi. Zama hizo milango ya biashara ilifunguliwa, bidhaa zikaonekana tena madukani, na katiba mpya ya Zanzibar ikapitishwa. Mwaka 1985 alishindana na Idris Abdul Wakil ndani ya vikao vya CCM kuwania kuteuliwa, akashindwa kwa tofauti ndogo. Januari 1988 akaondolewa katika uwaziri kiongozi, Mei mwaka huo akafukuzwa chamani pamoja na wenzake sita, na Mei 1989 akawekwa kizuizini alikokaa hadi Novemba 1991. Alipotoka, hakuwa tena mwanasiasa wa kawaida. Wapemba waliona kwa mtu mmoja yale yaliyokipata kisiwa chao: ameitumikia nchi, akashukiwa, akatolewa nje. Ndiyo maana CUF, iliyozaliwa mwaka 1992, haikuwa na uhuru mkubwa wa kuchagua mgombea. Wananchi walikwisha kumchagua.

Uchaguzi wa Oktoba 1995 ulitoa jibu la kwanza kuhusu uteuzi huo. Tume ya Uchaguzi ilimtangaza Dk. Salmin Amour wa CCM kuwa mshindi kwa kura 165,271, sawa na asilimia 50.2, na Seif akapewa kura 163,706, sawa na asilimia 49.8. Tofauti ilikuwa kura 1,565. CUF ilichukua viti vyote 21 vya Pemba na 3 vya mjini Unguja, na CCM ikabaki na 26, vyote vikiwa Unguja. Anayetazama viti peke yake huona visiwa viwili vilivyopeana mgongo. Anayetazama kura huona jambo jengine. Pemba ni kisiwa kidogo kwa idadi ya watu. Katika sensa ya 2012 ilikuwa na watu 406,848 kati ya watu 1,303,569 wa Zanzibar, chini ya theluthi. Hakuna mgombea anayeweza kupata karibu nusu ya kura za Zanzibar kwa kuungwa mkono na Pemba peke yake. Mtu aliyeitwa mgombea wa Wapemba alikuwa akipata maelfu kwa maelfu ya kura Unguja, mjini na mashamba, katika majimbo ambayo chama chake hakikushinda hata kiti. Huu ni ushahidi wa kwanza kwamba mwanasiasa anayegawa watu si lazima awe mwanasiasa wa upande mmoja. Chuki dhidi yake ilikuwa kubwa kwa sababu mvuto wake nao ulivuka bahari.

Hata hivyo gharama ya ushindani ule ilikuwa kubwa, na itakuwa si haki kuipita haraka. CUF ilikataa matokeo na wawakilishi wake wakasusia Baraza la Wawakilishi kwa miaka kadhaa. Vijijini Pemba kususiana kwa zama za siasa kukarudi kwa nguvu mpya. Mwenye duka wa CCM alikosa wateja, dereva wa daladala alichagua wa kumpakia, na maiti ya mtu wa chama kile ilipotolewa nje, majirani wa chama hiki walibaki majumbani. Ndoa zilivunjika. Kwa upande wa serikali, watumishi waliodhaniwa kuwa CUF walipoteza kazi, na viongozi na wanachama 18 wa chama hicho walikaa gerezani wakishitakiwa kwa uhaini, hadi walipoachiwa Novemba 2000 baada ya Mahakama ya Rufani kuamua kwamba Zanzibar, kwa kuwa si dola kamili, haiwezi kutendewa kosa hilo. Muafaka wa kwanza kati ya CCM na CUF, uliosimamiwa na Jumuiya ya Madola na kutiwa saini mwaka 1999, ulibaki kwenye karatasi. Mtu anaweza kusema, na wengi walisema: mngemweka mgombea mpole, haya yote yasingetokea.

Pingamizi hilo linapata nguvu zaidi tukifika mwaka 2001. Uchaguzi wa Oktoba 2000 ulivurugika, majimbo 16 yakarudiwa bila CUF, na Amani Abeid Karume wa CCM akatangazwa mshindi kwa asilimia 67 dhidi ya 33 za Seif. Januari 2001 CUF iliitisha maandamano ya kudai uchaguzi mpya na katiba mpya. Jumamosi tarehe 27 watu walitoka vijijini kwa miguu kuelekea miji ya Wete, Chake Chake na Micheweni, na vyombo vya dola vikawafyatulia risasi. Tume iliyoundwa na serikali chini ya Brigedia Hashim Mbita ilihesabu waliokufa kuwa 31. Human Rights Watch ilisema hawakupungua 35. Watu zaidi ya 2,000 walivuka bahari kwa vyombo vidogo hadi Shimoni, Kenya. Kwa mara ya kwanza, Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi, ilitoa wakimbizi. Hakuna hoja ya kisiasa inayoweza kuupunguza uzito wa tukio lile, na mwandishi yeyote anayeutetea uteuzi wa Seif lazima akubali kwamba chama kinapomweka mgombea ambaye wafuasi wake wako tayari kufa, kinabeba dhamana ya kila hatua wanayoitwa kuichukua.

Lakini tuangalie nani alikuwa upande wa pili mwaka ule. Hakuwa Salmin Amour, aliyeitwa Komandoo, ambaye ndiye aliyegawa watu akiwa na dola mkononi. CCM ilikwisha kuiona hatari yake. Ilikataa katiba ya Zanzibar ibadilishwe apate kipindi cha tatu, na vikao vya Dodoma vikampita Dk. Mohamed Gharib Bilal, aliyependekezwa na upande wa Zanzibar, vikamteua Karume, aliyeonekana mtu wa maneno machache na mkono laini. Kwa kipimo cha wanaodai wagombea wapole, chama tawala kilifanya kile kile kinachoshauriwa. Na bado damu iliyomwagika chini ya mgombea mpole ilikuwa nyingi kuliko ile iliyomwagika chini ya mkali. Upole wa mtu haukutosha kwa sababu mfumo haukubadilika: mshindi alichukua kila kitu, kuanzia uwaziri hadi ukuu wa shehia, na aliyeshindwa kwa kura elfu moja alikaa nje miaka mitano kama aliyeshindwa kwa laki. Katika hali hiyo kila uchaguzi ni vita vya kufa na kupona, hata wagombea wote wawili wangekuwa watawa.

Ushahidi mzito kuliko wote unatoka mwaka 2010, na ninaomba msomaji autafakari kwa makini, kwa sababu ni nadra historia kutupa kipimo kilicho wazi namna hii. Tarehe 5 Novemba 2009 Karume na Seif walikutana Ikulu ya Zanzibar, wakazungumza wao wawili. Siku chache baadaye Seif aliwatangazia wafuasi wake katika viwanja vya Kibandamaiti kwamba CUF sasa inamtambua Karume kuwa rais. Wengi walilipokea tangazo hilo kwa hasira, kwani miaka yote walikuwa wameambiwa wasimtambue. Lakini hawakumkimbia. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari walipiga kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Katiba ikarekebishwa, na chama cha pili kikapata Makamu wa Kwanza wa Rais na mawaziri. Kisha ukaja uchaguzi wa Oktoba. Dk. Ali Mohamed Shein akapata kura 179,809 na Seif 176,338, tofauti ya 3,471 tu. Ulikuwa ushindi mwembamba kama wa 1995, visiwa vilikuwa vile vile, na mgombea alikuwa yule yule. Safari hii matokeo yalipotangazwa katika Hoteli ya Bwawani, Seif aliyakubali, na watu wakarudi majumbani salama. Kama mgombea ndiye aliyekuwa chanzo cha maafa ya 2001, basi 2010 haielezeki. Kilichobadilika ni kanuni za mchezo na nia ya viongozi wa pande zote mbili.

Hapa ndipo inapoonekana thamani ya mgombea anayegawa watu, thamani ambayo mgombea mpole hana. Mapatano yoyote yanahitaji mtu atakayekwenda kwa watu wake awaambie jambo wasilotaka kulisikia, nao wakalimeza. Kiongozi asiyependwa sana hawezi. Angetokea ndani ya CUF mtu wa wastani akatangaza pale Kibandamaiti kwamba Karume ni rais halali, angeitwa msaliti kabla hajashuka jukwaani, na chama kingepasuka usiku ule. Seif aliweza kwa sababu hakuna aliyeweza kumtuhumu kwamba hakuteseka. Kizuizini alikaa, kazi alipoteza, kura alizidai kwa miaka 14. Imani ile ile iliyowatoa watu barabarani mwaka 2001 ndiyo iliyowafanya wakubali kukaa meza moja na waliowatesa. Karume naye alihitaji jina la baba yake na historia ya Mapinduzi ili aweze kuwaeleza wahafidhina wa CCM kwa nini anampa mkono Mpemba huyu. Amani ilijengwa na watu wawili ambao kila mmoja aliubeba upande wake mzima.

Wako watakaosema kwamba CUF ingempata Muunguja, au Mpemba asiye na historia nzito, na ingeshinda kwa urahisi. Ni hoja ya kuheshimiwa, lakini ushahidi hauiungi mkono. CCM yenyewe ilijaribu kuvuka mstari wa visiwa mwaka 2010 ilipomteua Dk. Shein, mzaliwa wa Mkoani, badala ya Dk. Bilal aliyetakiwa na wengi Unguja. Pemba haikumfuata mwanawe. Viti vyote 18 vya kisiwa vilibaki CUF. Wapemba walionesha kwamba mahali alipozaliwa mgombea si hoja kubwa kwao kama lile analolisimamia. Upande wa upinzani yupo Hamad Rashid Mohamed, Mpemba aliyefukuzwa CCM pamoja na Seif mwaka 1988, akafukuzwa CUF mwaka 2012, akaja na chama cha ADC na lugha ya kutafuta njia ya kati. Katika uchaguzi wa marudio wa Machi 2016, CUF iliposusia na uwanja ukawa wazi, alipata takriban asilimia 3. Nakubali kwamba uchaguzi uliosusiwa na chama kikuu cha upinzani ni mizani mbovu, na sitaki kuuegemea sana. Lakini wafuasi wa Seif walipoachwa bila yeye, hawakuhamia kwa mwengine aliye mpole. Wengi walibaki majumbani.

Hoja ngumu zaidi ni ile inayotoka Kenya. Oktoba 2002, pale Uhuru Park, Raila Odinga, mtu aliyependwa na kuogopwa kwao kama Seif kwetu, alitamka kwamba Kibaki anatosha. Aliuweka kando urais aliokuwa akiutaka, upinzani ukaungana nyuma ya Mwai Kibaki, na KANU iliyotawala tangu uhuru ikaondoka madarakani kwa asilimia 62 za kura. Raila alipogombea mwenyewe mwaka 2007, nchi iliungua, na watu zaidi ya 1,100 wakapoteza maisha. Si somo lililo wazi kwamba anayegawa watu afanye kazi ya kumwinua mwengine? Ni somo la kweli kwa Kenya, ambako jamii ni nyingi na ushindi hupatikana kwa kuziunganisha. Aliyeziunganisha alihitaji jina ambalo Wakikuyu, Waluo, Waluhya na Wakamba wangeweza kulikubali pamoja. Zanzibar haina jamii nyingi za kuunganisha. Ina kambi mbili zilizokaribiana sana kwa nguvu, na upinzani wote mkubwa ulikwisha kuwa chini ya paa moja tangu 1995. Seif hakuwa na Kibaki wa kumpisha, kwa sababu hapakuwa na kundi la nje ambalo Kibaki huyo angelileta. Na hata Kenya yenyewe ilirudi kwenye utulivu mwaka 2008, na tena 2018, pale Raila yule yule alipokubali kupeana mkono na mpinzani wake. Hapo pia, aliyewagawa ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuwatuliza.

Kisha ikaja Oktoba 2015, iliyopima tabia ya mgombea kuliko uchaguzi mwengine wowote. Matokeo ya majimbo 31 kati ya 54 yalikwisha kutangazwa, Seif akiwa ameshadai ushindi, pale mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, alipojitokeza katika televisheni ya ZBC tarehe 28 na kuufuta uchaguzi mzima. Pemba iliwaka kwa hasira, na kususiana kukarudi tena madukani na mazishini. Seif angeweza kuwaita watu barabarani kama 2001. Hakufanya hivyo. Aliwataka watulie, akabisha hodi kwa viongozi wa Muungano na kwa mataifa ya nje, na uchaguzi wa marudio akaususia. Wapo vijana waliomlaumu kwa upole huo. Mimi naamini alikuwa amejifunza thamani ya maisha ya watu wake, na kwamba chama kilichomteua kilikuwa sahihi kumwamini. Mgombea anayegawa watu huwa hatari anapokuwa hajui nguvu alizonazo. Seif wa 2015 alizijua, na akazizuia.

Basi kosa lilikuwa wapi? Lilikuwa katika kumgeuza mtu kuwa chama. Kwa zaidi ya miaka ishirini CUF Zanzibar haikumlea hadharani mwengine yeyote kwa urais. Kila aliyechomoza alionekana ama mdogo mno ama mwenye tamaa. Matokeo yake yalidhihirika Machi 2019, Mahakama Kuu ilipouthibitisha uenyekiti wa Profesa Ibrahim Lipumba ndani ya CUF, katika mgogoro wake na kambi ya Seif. Seif alihamia ACT-Wazalendo kwa kauli mbiu ya shusha tanga, pandisha tanga, na siku hiyo hiyo matawi ya CUF Pemba na Unguja yakaanza kupakwa rangi mpya. Wafuasi walifurahi kuona bendera zikibadilika kwa haraka ile, lakini jambo hilo lilikuwa onyo. Chama kinachoweza kuhamishwa usiku mmoja kwa miguu ya mtu mmoja kinaweza pia kuzikwa naye. Mwaka 2020 Seif aligombea akiwa na miaka 77. Watu walipigwa risasi Pemba hata kabla ya siku ya kura. Tume ikampa asilimia 19.87 dhidi ya 76.27 za Dk. Hussein Mwinyi, na CCM ikatangazwa kushinda majimbo mengi ya Pemba, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika uchaguzi ambao upinzani mkuu ulishiriki. Upinzani uliyakataa matokeo hayo.

Na bado, Desemba 2020, akiwa na kila sababu ya kukataa, alikubali kuapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, kwa sababu mlango ule wa katiba aliujenga mwenyewe na hakutaka ufungwe. Alifariki Muhimbili tarehe 17 Februari 2021, akarudishwa kuzikwa Mtambwe. Nafasi yake ilichukuliwa na Othman Masoud Othman, mwanasheria mkuu wa zamani, mtu wa hoja na sauti ya chini, asiyeweza kuitwa mchochezi hata na wapinzani wake. Yeye ndiye aliyesimamishwa na ACT-Wazalendo mwaka 2025, na mzozo ulikuwa ule ule: tume isiyoaminiwa na upande mmoja, kura ya mapema inayolalamikiwa, na matokeo yasiyokubalika kwa walioshindwa. Seif hayupo, na mgawanyiko upo. Waliodhani kwamba akiondoka yeye Zanzibar itapona wamepata jibu lao.

Kutokana na historia hii, chama chochote kinachokaa kuteua mgombea, kiwe CCM au ACT-Wazalendo, kijiulize mambo matatu kabla ya kuogopa jina linalogawa watu. Je, mpasuko ulikuwepo kabla yake, au ameuzua ili apande? Je, akisema tukubali, watu wake watakubali? Na je, nyuma yake yupo mwengine anayeandaliwa? Salmin Amour alianguka katika swali la kwanza, kwani alikuwa na dola ya kuuziba ufa na akaupanua. Seif Sharif Hamad alifaulu la kwanza na la pili, na chama chake kikaanguka la tatu. Kwa hukumu hiyo, uteuzi wake wa 1995 hadi 2015 ulikuwa wa busara, na ule wa 2020 ulikuwa deni la miaka ambayo mrithi hakuandaliwa. Lakini yaliyo makubwa zaidi hayamo mikononi mwa vyama peke yao. Tume ya uchaguzi inayoaminiwa na Mtambwe na Makunduchi kwa kiasi kimoja itafanya kazi ambayo hakuna mgombea, mpole au mkali, anayeweza kuifanya. Wazanzibari waidai hiyo sasa, kabla ya 2030, wakati bado hakuna jina la kugombania.